Kuuza kompyuta bila kuuza watu waliomo ndani: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Meza yetu ya ufundi iko Kisumu, mwendo wa miguu kutoka Soko la Jubilee. Tunatengeneza kompyuta, tunanunua zilizotumika, na tunaziuza tena kwa wanafunzi, walimu na wenye biashara ndogo wa hapa mjini, pamoja na wanaotufikia kutoka Maseno, Ahero, Siaya na Kakamega. Tangu Windows 10 ilipofika mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, laptopu za zamani zinaletwa kwa wingi, na nyingi zinafika mezani zikiwa na maisha mazima ya watu ndani. Maswali yaliyo hapa ni yale wateja wanayotuuliza wakiwa wamesimama mbele yetu.

Nimefuta faili zote na nikamwaga pipa la taka. Si inatosha?

Haitoshi. Ukifuta faili, kompyuta haigusi maandishi yenyewe. Inaiondoa faili kwenye orodha yake, halafu inaandika kwamba mahali pale sasa pako wazi kwa mwingine. Ni kama kung'oa kibao cha jina langoni: mpita njia hatajua boma ni la nani, lakini wenyeji bado wamo ndani na taa zinawaka. Data inakaa palepale mpaka siku kitu kingine kitakapoandikwa juu yake, na kwenye diski ya gigabaiti 500 ambayo haijawahi kujaa hata nusu, siku hiyo inaweza isifike.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi kutoka upande wa Siaya aliniletea laptopu yake ya kuuza. "Fundi, hii iko safi, nimefuta kila kitu mwenyewe," akaniambia. Nikamwomba aketi kidogo. Nikaendesha PhotoRec, programu ya bure inayosoma diski moja kwa moja bila kujali orodha ya faili, na matokeo nikayaelekeza kwenye flashi yangu. Baada ya dakika chache tukafungua folda. Picha ya kwanza ilikuwa ya harusi. Ya pili ilikuwa kitambulisho chake, upande wa mbele, na iliyofuata ni upande wa nyuma. Halafu vikaanza kushuka vyeti vya kuzaliwa vya wanafunzi, alivyokuwa amevipiga picha wakati wa usajili, kimoja baada ya kingine: jina la mtoto, tarehe, jina la mama, jina la baba. Mwalimu akanyamaza. Kisha akaweka kiganja juu ya skrini na kusema, "Hawa ni watoto wa watu."

Ukurasa huu nimeuandika kwa sababu ya maneno hayo.

Basi mimi niliifomati kabisa. Hiyo je?

Inategemea uliifomati vipi. Kile kisanduku cha Quick Format, ambacho Windows hukiweka tiki bila kukuuliza, kinatengeneza orodha mpya iliyo tupu na kuacha mengine yote yalivyokuwa. Ukiondoa tiki, tangu enzi za Windows Vista mashine huandika sifuri kwenye eneo lote linalofomatiwa, na kwa diski ya kuzunguka, ile yenye sahani zinazozunguka ndani, hiyo ni kazi ya kweli. Ndiyo maana moja huisha kwa sekunde na nyingine kwa saa.

Kosa tunaloliona zaidi ni jingine. Windows haikubali kufomati sehemu ya C wakati yenyewe inaendeshwa kutoka humo humo, kwa hiyo watu hufomati D na kudhani wamemaliza. C ndiko kuna Desktop, Documents, Downloads na nenosiri zote zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Wengine hupachika Windows mpya juu ya ile ya zamani. Windows mpya inafunika kiasi kidogo tu cha diski, na mara nyingine inayakusanya ya zamani yote vizuri kwenye folda iitwayo Windows.old, tayari kwa yeyote atakayeifungua.

Mimi si mtu mkubwa. Nani atahangaika na faili zangu?

Swali hili huulizwa kwa unyenyekevu, na ninaliheshimu. Lakini hebu tufungue folda ya Downloads ya mtu wa kawaida wa hapa kwetu. Kuna cheti cha PIN ya KRA. Kuna taarifa ya M-Pesa ya miezi sita aliyoombwa alipokuwa akitafuta mkopo, yenye jina na nambari ya kila aliyemtumia pesa au aliyetumiwa pesa naye. Kuna kitambulisho kilichopigwa skani, hati za mshahara, barua ya ajira, picha ya pasipoti, matokeo ya hospitali ya mzazi. Kivinjari kinakumbuka baruapepe yake, na mwenye baruapepe yako anaweza kubonyeza "nimesahau nenosiri" na kufungua karibu kila akaunti nyingine uliyo nayo. Ukiviweka pamoja, tapeli hahitaji kukisia kitu. Akikupigia simu atakutajia jina la mwajiri wako na kiasi cha mshahara wako wa mwisho, nawe utamwamini.

Halafu wako wengine. Mweka hazina wa chama ana majina ya wanachama na madeni yao. Mhudumu wa afya ya jamii ana orodha ya wagonjwa. Mwenye saiba ana skani za vitambulisho vya mtaa mzima. Hao wote hawakuulizwa kama kompyuta iuzwe, na hawatakuwepo siku inapobadilisha mikono.

Jambo hili si geni wala si la kwetu pekee. Simson Garfinkel na Abhi Shelat, wakiwa wanafunzi wa MIT kule Marekani, walinunua diski 158 za mtumba na kuchapisha waliyoyaona mwaka 2003. Diski 129 zilifanya kazi. Kati ya hizo, 12 tu ndizo zilizokuwa zimefutwa ipasavyo. Ndani ya zilizobaki walikuta zaidi ya nambari 5,000 za kadi za benki, barua za mapenzi na rekodi za matibabu. 

Nianze na nini kabla ya kufuta?

Anza na nakala. Weka unachokihitaji kwenye diski ya nje au kwenye hifadhi ya mtandaoni, kisha fanya jambo ambalo wengi huliruka: ichomeke diski hiyo kwenye kompyuta nyingine, ufungue faili kadhaa na uzione kwa macho. Nakala ambayo haijafunguliwa mahali pengine bado hujui kama ni nakala.

Baada ya hapo ondoka kwenye akaunti zako: Microsoft, Google, WhatsApp ya kompyuta, programu za ofisi ulizolipia. Kama una programu ambazo leseni yake imefungwa kwenye mashine, ifungue sasa, maana baada ya kufuta hutaweza. Na kagua matundu. Tumeshakuta kadi za kumbukumbu zenye picha za mazishi, na modemu zenye kadi ya SIM ambayo bado inapokea ujumbe. Trei ya diski za DVD nayo ivutwe.

Nitajuaje kama diski yangu ni ya kuzunguka au ni SSD?

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, kisha uangalie pembeni ya neno Disk. Kompyuta itakuandikia HDD kwa ile ya kuzunguka, au SSD kwa ile ya chipu tupu isiyozunguka. Ikiwa ni ya zamani sana na haionyeshi, weka sikio: diski ya kuzunguka ina mvumo na mtikisiko mdogo. Kumbuka kuna mashine zenye zote mbili, SSD ndogo yenye Windows na diski kubwa ya faili. Ukifuta moja umefanya nusu ya kazi.

Tofauti hii ni ya muhimu, kwa sababu njia inayoisafisha moja haiisafishi nyingine sawasawa.

Sina ujuzi wowote. Nipe njia rahisi kwa Windows 10 au 11.

Chomeka chaja. Fungua Settings, tafuta Recovery, halafu Reset this PC. Chagua Remove everything. Itakuuliza kama upakue Windows mtandaoni au utumie iliyo ndani. Chagua iliyo ndani, kwa sababu kupakua kunaweza kula zaidi ya gigabaiti 4 za bando lako bila faida yoyote kwa kazi hii.

Sasa twende polepole, maana hapa ndipo watu hukosea. Kabla ya kubonyeza hatua ya mwisho kuna maneno madogo, Change settings. Yabonyeze. Utaona swichi ya Clean data, nayo huwa imezimwa. Iwashe. Kama kompyuta ina diski zaidi ya moja, kuna swichi nyingine inayouliza kama ufute ile yenye Windows peke yake au zote, chagua zote. Bila swichi hizo mashine itaonekana mpya kwa mnunuzi, huku faili zako zikiwa zimelala chini ya sakafu.

Ikimaliza itajiwasha na kukuuliza uko nchi gani. Usiijibu. Shikilia kitufe cha kuzima, uifunge. Mnunuzi ataiendeleza mwenyewe.

Kwa laptopu ya nyumbani njia hii inafaa, na ikiwa ndiyo pekee utakayoiweza, ifanye leo. Kwa zahanati, shule au ofisi ya wakili nisingeishia hapo. Microsoft wenyewe wanasema imetengenezwa kwa matumizi ya nyumbani na haifikii viwango vya taasisi.

Diski ya kuzunguka ninaifutaje mpaka isirudi?

Andika kitu juu ya kila sehemu yake, mwanzo hadi mwisho. Kuna njia mbili tunazozitumia.

Ya kwanza haihitaji kununua wala kupakua kitu zaidi ya flashi ya kupachikia Windows. Washa kompyuta kwa flashi hiyo, na kwenye skrini ya kwanza bonyeza Shift na F10. Dirisha jeusi litafunguka. Andika diskpart, kisha list disk ili uone diski zote na ukubwa wake. Andika select disk na nambari ya ile unayoifuta, halafu clean all. Neno hilo la mwisho, all, lina uzito. Ukiandika clean peke yake, unafuta ramani ya mgawanyo tu na yaliyomo yanabaki. Ukiongeza all, kila sekta inaandikwa sifuri.

Ya pili ni ShredOS, mfumo mdogo wa bure unaowekwa kwenye flashi na kuwasha mashine moja kwa moja. Unakuonyesha diski zilizopo, unachagua, na asilimia zinapanda mbele ya macho yako. Wengi bado wanataja DBAN, ambayo ilikuwa mashuhuri, lakini haijapata toleo jipya tangu 2015 na hukwama kwenye mashine za siku hizi.

Kuhusu muda: diski ya gigabaiti 500 inayoandika megabaiti 100 kwa sekunde itachukua kama saa moja na nusu. Ukiitoa na kuiunganisha kwa waya wa USB wa kizamani, kazi hiyohiyo inaweza kufika saa nne na zaidi. Panga siku yako.

Na sasa kosa langu mwenyewe, ambalo bado linaniuma. Mchungaji mmoja aliniletea kompyuta ya mezani ifutwe. Nakala zake alikuwa ameziweka kwenye diski ya nje, akaiacha imechomekwa nyuma ya kasha, mahali nisipopaona. Diski zote mbili zilikuwa za gigabaiti 500. Niliona ukubwa niliokuwa nikiutarajia, nikachagua bila kuhakikisha, nikaendelea na kazi nyingine. Ilipokamilika ndipo nikagundua kwamba nimeifuta nakala na kuiacha ya ndani ikiwa nzima. Faili nyingi zilikuwa bado zimo kwenye ile ya ndani, tukaziokoa. Lakini rekodi za kwaya za miaka ya mwanzo alikuwa amezihamishia nje ili apate nafasi, na hizo hazikurudi. Nilienda kanisani kwake Jumapili iliyofuata kuwaomba radhi wanakwaya, uso kwa uso.

Tangu siku hiyo kila kitu kinachochomoka kinachomolewa kabla sijaandika amri ya kwanza. Jina la diski na ukubwa wake navisoma kwa sauti, na mwenye mashine ndiye anayesema "endelea".

Rafiki yangu anasema lazima iandikwe mara 35.

Hadithi hiyo ina chanzo. Mwaka 1996 Peter Gutmann aliandika makala iliyoorodhesha mizunguko 35 ya kuandika juu ya data, ikilenga aina mbalimbali za diski za wakati ule. Baadaye mwenyewe alieleza kwamba hakuna maana ya kuzipitia zote kwenye diski moja ya kisasa. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika toleo lake la mwaka 2014 ulichukulia mzunguko mmoja kuwa unatosha kwa diski ya kuzunguka katika hali ya kawaida. Andika mara moja, hakikisha, ukalale.

Na SSD?

SSD ina akili yake. Kila chembe ya kumbukumbu ndani yake huchakaa baada ya kuandikwa mara nyingi, kwa hiyo kidhibiti chake, yaani chipu inayoiongoza, husambaza kazi: ukimwambia aandike mahali fulani, anaweza kuandika kwingine na kupaacha pale pa zamani na data yake, akikuonyesha kana kwamba ametii. Tena kila SSD ina akiba ya nafasi ambayo kompyuta haiioni kabisa. Kwa hiyo ukiandika sifuri kuanzia mwanzo hadi mwisho, umepitia vyumba unavyoonyeshwa. Vya nyuma hujaingia.

Dawa yake ni kumwamuru kidhibiti mwenyewe asafishe nyumba yote. Amri hiyo huitwa Secure Erase, na SSD za aina ya NVMe zina yao inayofanana nayo. Laptopu nyingi za kibiashara za HP na Dell, zile zinazouzwa hapa kwa jina la ex-UK, zina amri hiyo ndani ya menyu inayotokea kabla ya Windows kuwaka. Zisipokuwa nayo, watengenezaji kama Samsung na Crucial hutoa programu zao za bure za kuhudumia SSD zao. Kazi yenyewe mara nyingi huisha kwa dakika chache, na hilo huwatia watu shaka. Usishangae. Mashine haiandiki sekta moja baada ya nyingine. Inaondoa chaji kwenye chembe zote, au inatupa ufunguo uliokuwa ukifasiri data yote.

Neno hilo la ufunguo ndilo linalotupa njia ninayoipenda kuliko zote, maana mtu yeyote anaweza kuitumia bila fundi. Washa BitLocker, au Device encryption kwa wenye Windows ya Home inayoikubali: inaisimba diski, yaani inageuza data yote kuwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo. Ukiulizwa, chagua diski nzima, usichague sehemu iliyotumika tu, kwa sababu mabaki ya faili ulizozifuta zamani yako nje ya sehemu hiyo. Iache ifike mwisho. Baada ya hapo fanya Reset kama nilivyoeleza juu, na ufute pia nakala ya ufunguo iliyohifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Hata kikibaki kipande kilichoandikwa baada ya kusimba kwenye chumba cha nyuma, atakayekipata ataona mchanga mtupu; kilichoandikwa kabla ya kusimba kinaweza kubaki humo kikisomeka.

Ushauri wangu kwa anayenunua kompyuta leo ni huu: isimbe siku ya kwanza. Siku ya kuiuza utakuwa umeshamaliza sehemu ngumu.

Stima ikipotea katikati?

Ukiwa unaandika sifuri kwenye diski ya kuzunguka hakuna hasara zaidi ya muda, anza upya. Ukiwa ndani ya Secure Erase, hapo kuna hatari: aina ya zamani huifunga diski kwa nenosiri la muda kabla ya kuanza, na ikikatizwa inaweza kubaki imefungwa mpaka mtu anayelijua hilo nenosiri aanze tena. Laptopu ambayo betri yake imekufa na inaishi kwa chaja tu isifanyiwe kazi hiyo jioni ya mvua. Sisi wa ukanda wa ziwa tunazijua radi zetu. Fanya asubuhi.

Je, kufuta kote huko kunaichosha diski?

Hapana. Mzunguko mmoja ni sawa na kuijaza mara moja tu.

Laptopu yangu haiwaki kabisa. Naweza kuiuza hivyo hivyo kama vipuri?

Toa diski kwanza. Skrini iliyovunjika au bodi iliyoungua haimaanishi diski imekufa. Mara nyingi ni nzima kabisa, na mnunuzi wa vipuri anaijaribu siku hiyohiyo. Kwa laptopu nyingi ni skrubu chache tu. Ukishaitoa, iunganishe na kompyuta nyingine kwa adapta ya USB, uifute kama nilivyoeleza. Angalizo: kwenye baadhi ya laptopu nyembamba na za bei nafuu kumbukumbu imechomelewa kwenye bodi na haitoki. Hapo hiyo bodi yote ndiyo diski, na kama haiwaki usiiuze.

Diski yenyewe ikiwa imekufa, ivunje. Ya kuzunguka itobolewe kwa drili mahali kadhaa, ipenye sahani za ndani. Vaa miwani ya kazi, kwa sababu sahani za diski za laptopu mara nyingi ni za kioo na hupasuka vipande vikali. SSD inahitaji uangalifu zaidi: fungua ganda, uhakikishe kila chipu nyeusi imepasuka, si ubao tu. Usiichome moto. Moshi wa plastiki na metali hizo unaingia kwenye mapafu yako na ya jirani, na hata hivyo chipu inaweza kupona. Vipande vipelekwe kwa wanaokusanya taka za elektroniki.

Je, niuze bila diski?

Ni njia halali na tunaiheshimu. Bei itashuka, na mnunuzi aambiwe wazi mapema. Kama mna data za wagonjwa au za mahakama, ndiyo tunayoipendekeza kwanza.

Nina Mac.

Mac zenye chipu za Apple, au za Intel zenye chipu ya T2, zikiwa na macOS Monterey ya 2021 au ya baadaye, zina Erase All Content and Settings kama simu. Data humo imesimbwa tangu mwanzo, kwa hiyo ufunguo ukifutwa imekwisha. Muhimu zaidi, kazi hiyo ikuondoe pia kwenye akaunti yako ya Apple. Mac iliyouzwa ikiwa bado imefungwa kwa akaunti ya mtu haitamsaidia mnunuzi, na mtaanza kupigiana simu usiku.

Kompyuta ni za shule, zahanati au chama. Kuna tofauti?

Kubwa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde mpaka mwisho, na mwisho ni pamoja na siku ya kuuza mitambo ya zamani. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data inaweza kutoza faini ya hadi shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kwa kuchukua kile kilicho kidogo. Lakini ukweli, kabla ya faini, kuna mzazi ambaye mtoto wake ana hali ya kiafya iliyoandikwa kwenye faili, naye aliisema kwa kuwaamini.

Andikeni daftari: nambari ya kila diski, si ya kompyuta tu, njia iliyotumika, tarehe, nani alifanya, nani alishuhudia. Na msisahau mashine kubwa za fotokopi. Nyingi zina diski ndani ambayo huweza kuhifadhi nakala za kilichopita juu ya kioo chake, na hii inawahusu sana wenye saiba.

Fundi amesema atanifutia kompyuta. Nimwamini?

Mwambie utakaa umwangalie. Fundi mwema hatakasirika. Muulize atatumia njia gani, na kwa nini hiyo na si nyingine kwa aina ya diski uliyo nayo. Akikwambia "nitaifomati tu", mshukuru na uondoke. Wala usimwachie nenosiri lako lililoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa mgongoni mwa mashine, desturi ambayo sisi wa ufundi tumeilea na inafaa tuiache.

Nitathibitishaje kwamba imefutika?

Jaribu kuirudisha. Endesha PhotoRec juu ya diski uliyoifuta, kabla ya kupachika Windows mpya, ili usichanganye faili za mfumo na zako. Ikipita diski nzima na kurudi bila faili hata moja, umefaulu. Hilo ni la uhakika zaidi kwa diski ya kuzunguka. Kwa SSD linakuhakikishia vyumba vya mbele tu, ndiyo maana tunategemea amri ya kidhibiti au usimbaji.

Nimeshaiuza. Sikufanya lolote kati ya haya.

Usihangaike na lawama, kuna kazi. Anza na baruapepe: badilisha nenosiri, kisha utafute mahali panapoorodhesha vifaa vyote vilivyoingia na uiondoe ile kompyuta. Fuata akaunti ya Google au Microsoft, benki, KRA, eCitizen, mitandao ya kijamii, kila nenosiri ambalo kivinjari kilikuwa kikikukumbukia. Kwenye simu, fungua WhatsApp na uondoe vifaa vilivyounganishwa. Kama una mawasiliano ya mnunuzi, mpigie kwa upole na umwombe akuruhusu uje uifute. Jitolee kumpachikia Windows upya bure. Wengi hukubali. Na kama ndani kulikuwa na taarifa za watu wengine, waambie. Ni simu nzito kuipiga, lakini wana haki ya kujiweka macho.

Nimenunua kompyuta ya mtumba na nimekuta vitu vya mwenyewe. Nifanye nini?

Funga folda. Usitazame zaidi ya kinachohitajika kumjua mwenyewe, usitume picha kwa yeyote, usinakili. Ukiweza kumpata, mjulishe kabla ya kufuta, asije akawa hana nakala nyingine.

Niliwahi kununua laptopu Kondele, nikakuta humo daftari la chama cha akina mama: majina, nambari za simu, nani anadaiwa kiasi gani, nani aliomba mkopo wa matibabu na kwa ugonjwa upi. Nilipiga nambari ya mweka hazina, ya kwanza kwenye orodha. "Mama, shikamoo. Nimenunua kompyuta, na nadhani iliwahi kuwa ya chama chenu." Kimya kirefu. Kesho yake asubuhi alifika kutoka Ahero kwa matatu, mkoba mapajani. Kumbukumbu zao, alisema, ziko kwenye kitabu cha mkono. Hataki nakala, anataka kuona zinaondoka. Diski ilikuwa ya gigabaiti 320. Alikaa kwenye stuli yangu zaidi ya saa nzima akizitazama asilimia, chai niliyomletea ikapoa. Ilipofika mia aliniomba nimwonyeshe. Nikamfungulia diski jinsi ilivyo: sifuri, mstari chini ya mstari, nikateremsha kurasa mpaka aliponiambia basi. Akatoa simu, akampigia mwenzake palepale mezani. "Oserumo," akasema. Imekwisha.